Santuri za Mjomba

Mwaka 1998, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, niliuza santuri ishirini na tatu za mjomba wangu bila kumwuliza. Nimekaa na jambo hili kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wa wanafunzi ninaowafundisha sasa. Nimeona ni vema nilieleze hadharani, kwa sababu kila ninaposimama darasani kuzungumzia utunzaji wa kumbukumbu za taifa hujisikia kama mwizi wa kuku anayehubiri juu ya ufugaji.

Zilikuwa santuri ndogo, zile za mizunguko arobaini na mitano kwa dakika, wimbo mmoja kila upande. Zilikaa ndani ya kasha la mbao lililowahi kubebea majani ya chai, chini ya kitanda cha wageni, nyumbani kwake Magomeni nilikokuwa nikiishi wakati wa masomo. Mjomba alikuwa mtumishi wa serikali, na mwaka ule alikuwa amehamishiwa Dodoma. Mtambo wake wa kupigia santuri ulikwisha kuharibika siku nyingi. Kwa akili yangu ya wakati ule, santuri bila mtambo ni sawa na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Alitokea kijana mmoja wa Ulaya aliyekuwa akizunguka mitaani akiuliza habari za santuri za zamani. Rafiki yangu alimleta. Alipiga magoti sakafuni, akazitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akiziinamisha kama mama anayechambua mchele. Akaniambia atanipa shilingi elfu moja kwa kila santuri. Nilikuwa nadaiwa fedha za kuchapisha na kujalidi tasnifu yangu. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Kasha akaniachia.

Mjomba aliporudi likizo alilivuta kasha lile, akaona ni tupu. Nikamweleza. Alikaa kitako kitandani kwa muda, kisha akasema neno moja: "Basi." Hakulisema tena jambo lile kwa miaka kumi na moja.

Ili msomaji aelewe kilichokuwamo katika kasha lile, sina budi kurudi nyuma kidogo.

Mjomba aliingia Mlimani mwaka 1970. Miongoni mwa waliomfundisha historia alikuwa Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amefukuzwa Jamaika. Kisa hicho wengi wetu tunakijua nusu tu. Tunalijua jina la kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapishwa mwaka 1972 na Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House ya hapa kwetu. Wachache wanajua kwamba mwaka 1968, alipokuwa akifundisha katika kampasi ya Mona, Kingston, Rodney alikuwa akitoka nje ya lango la chuo na kwenda kuketi na Marasta, wachuuzi na vijana wasio na kazi, na kuzungumza nao juu ya historia ya Afrika. Tarehe 15 Oktoba mwaka huo, aliporejea kutoka kwenye kongamano la waandishi weusi mjini Montreal, serikali ya Hugh Shearer ilimzuia kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana, maskini wa mjini wakajiunga nao, na Kingston ikawaka moto. Mwaka 1969 Rodney alirudi Dar es Salaam, mahali alipokuwa amefundisha kabla ya kwenda Jamaika.

Serikali ya Jamaika iliweza kumfukuza mwalimu, lakini haikuweza kuzuia wimbo. Mwimbaji Prince Buster, aliyekuwa kwisha jijengea jina tangu enzi za ska, alitoa santuri iliyobeba jina la Dakta Rodney. Nakala moja ya santuri hiyo ilikuwamo katika kasha la mjomba wangu. Hiyo ndiyo niliyoiuza kwa shilingi elfu moja.

Ilifikaje Magomeni? Miaka ile, kutokana na mvuto wa Azimio la Arusha, watu wengi wenye asili ya Afrika kutoka Marekani na visiwa vya Karibi walikuja Tanzania kufanya kazi. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa kike kutoka Trinidad, aliyefundisha sekondari na kupanga chumba jirani na mjomba. Mwaka 1975 alipoondoka, uzito wa mizigo ya ndege ukawa na kipimo, na santuri ni nzito. Alimwachia jirani yake kasha zima.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 1974, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika katika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mjomba alikuwa miongoni mwa vijana waliopewa kazi ya kubeba makabrasha. Alikuwa akisimulia kwa fahari wageni aliowaona, lakini daima alimalizia na wale ambao hakuwaona. Baadhi ya serikali za Karibi zilitaka vikundi vya upinzani kutoka nchi zao visiruhusiwe kuhudhuria, na zikasikilizwa. C. L. R. James, mzee aliyekuwa amefanya kazi kubwa ya kuuandaa mkutano ule, akakataa kuja. Kwa hiyo ukumbini walizungumza mawaziri wa Karibi, na nyumbani kwa mjomba, jioni, walizungumza watu wengine wa Karibi, kwa njia ya sindano na santuri.

Watu hao walikuwa akina nani? Hapa inanipasa kumwomba msomaji asahau kidogo picha tuliyoizoea. Kwetu sisi muziki wa Karibi ni rege, na rege ni Bob Marley, na Bob Marley ni picha kwenye fulana na nyuma ya daladala. Simdharau Marley hata kidogo. Mtu aliyepanda jukwaani Harare mwezi Aprili 1980 kuimbia uhuru wa Zimbabwe ana heshima yake katika bara hili. Lakini nyuma yake kulikuwa na umati wa wanamuziki ambao majina yao hayakuvuka bahari.

Kingston ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa ikisikiliza redio za Miami na New Orleans usiku, mawimbi yalipotulia. Wenye mitambo mikubwa ya kupigia muziki walishindana uwanjani kwa santuri za Marekani, na zilipopungua santuri walizozipenda wakaanza kurekodi za kwao. Mmoja wao, Clement Dodd, aliyejulikana kama Coxsone, alifungua studio yake Brentford Road mwaka 1963 na kuiita Studio One. Wapiga tarumbeta wengi waliorekodi humo walikuwa wamelelewa katika Alpha, shule ya masista wa Kikatoliki iliyopokea wavulana wa familia fukara na kuwafundisha ufundi, muziki ukiwa mmojawapo. Don Drummond, Tommy McCook na Rico Rodriguez wote walitoka huko. Kijana Jackie Mittoo, aliyezaliwa mwaka 1948, alikuwa akiongoza wapigaji wa Studio One kwa kinanda chake kabla hajafikisha umri wa miaka ishirini.

Watu hawa waliusikia muziki wa soul na fanki kutoka Marekani, wakaujibu. Walichukua gitaa la besi la soul wakalipa kazi ya kuongoza wimbo mzima, wakahamisha mkazo wa mapigo mahali ambapo Mmarekani hakuutarajia, na sauti ya mwimbaji wakaiacha wazi, bila pambo la vinanda vya fidla ambavyo hawakuwa na fedha za kuvilipia. Trinidad nako, mwaka 1970, vijana waliandamana kwa miezi chini ya kaulimbiu ya nguvu ya watu weusi, hadi serikali ya Eric Williams ikatangaza hali ya hatari tarehe 21 Aprili na sehemu ya jeshi ikaasi. Kutokana na joto hilo wanamuziki kama Lancelot Layne na Andre Tanker walianza kuchanganya kalipso, ngoma za Kiafrika na fanki. Freeport, huko Bahama, bendi zilizokuwa zikitumbuiza watalii hotelini usiku zilirekodi mchana nyimbo zao wenyewe, nzito na za haraka, wakati nchi yao ikielekea kwenye uhuru wa Julai 1973. Pointe-à-Pitre, katika Guadeloupe, Henri Debs alikuwa na duka, studio na nembo yake ya santuri.

Nyingi ya kazi hizi zilichapwa kwa idadi ndogo. Ziliuzwa kisiwani, zikachezwa hadi zikachakaa, na nyingine zikaharibiwa na unyevu na ukungu. Kanda mama nazo zilikuwa ghali kununua, hivyo mara nyingine zilifutwa na kurekodiwa juu yake kitu kipya. Kwa hiyo ipo mifano ambayo ushahidi pekee kwamba wimbo fulani uliwahi kuimbwa ni santuri chache zilizobaki mikononi mwa watu, pengine chini ya kitanda cha wageni.

Nilianza kuyajua haya mwaka 2006, nilipokwenda Toronto kwa masomo ya uzamivu. Nilikwenda kusoma siasa za vyama vya wafanyakazi, si muziki. Lakini mtu mwenye upweke ughaibuni hutafuta chakula anachokifahamu, na mimi nilielekezwa Eglinton Avenue West, mtaa ambao wenyeji huuita Jamaika Ndogo, kwa sababu nilisikia huko kuna mihogo, ndizi mbichi na nyama ya mbuzi. Nilizipata zote. Katikati ya vinyozi na mikahawa kulikuwa na duka la santuri.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kijamaika, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku ya kwanza alinipigia kazi iliyokuwa imetoka mwaka huohuo, mkusanyo uitwao *Jamaica to Toronto*, wenye nyimbo za soul, fanki na rege zilizorekodiwa kati ya 1967 na 1974 na Wajamaika waliohamia Kanada. Jackie Mittoo yumo. Alihamia Toronto na akafia huko mwaka 1990. Yumo pia Wayne McGhie, mzaliwa wa Montego Bay. McGhie alitoa albamu moja mwaka 1970. Haikuuzika. Yeye akajiondoa katika muziki, na albamu ikasahaulika hadi vijana wa hip-hop walipoanza kukata vipande vya mapigo yake miongo miwili baadaye. Nakala chache zilizobaki zikaanza kununuliwa kwa mamia ya dola, na mwenye sauti hana habari. Mtafiti mmoja wa muziki, Kevin Howes, alimtafuta hadi akampata, na mwaka 2004 albamu ikatolewa upya kwa idhini yake. McGhie alifariki mwaka 2017, akiwa angalau amekwisha kuona jina lake likirudi.

Mzee wa duka aliniambia habari hizo bila shangwe. Yeye mwenyewe alikuwa amefika Kanada katika miaka hiyohiyo na aliwajua baadhi ya watu hawa kama mafundi magari, makarani na wafagiaji wa ofisi. Alisema jambo ambalo nimelikumbuka tangu siku ile: hakuna aliyepotea. Walikuwapo siku zote, wakipanda basi namba hiyohiyo kila asubuhi. Waliopoteza kumbukumbu ni wengine.

Kisha akaniuliza ninatoka wapi. Nilipomjibu Dar es Salaam, alinyamaza, akaenda nyuma ya pazia, akakaa huko dakika tano nzima. Aliporudi alikuwa na santuri moja ndogo ndani ya karatasi ya kahawia. Akaiweka kaunta bila kusema kitu. Nikasoma jina la Prince Buster, na chini yake jina la Dakta Rodney.

Nilimwambia kwamba nimewahi kuimiliki. Hilo nalo lilikuwa uongo, kwani haikuwa yangu. Akaniuliza ilikwenda wapi. Nikamweleza yote, hadi bei. Alicheka kwa uchungu, akasema kwamba haiuzi ile yake kwa fedha yoyote, lakini kuisikiliza ni bure. Tukaisikiliza pamoja, mara mbili. Mara ya pili aliniruhusu niirekodi kwa kifaa kidogo nilichokuwa nikitumia kwenye mahojiano ya utafiti wangu.

Hapa naomba niache kidogo habari zangu niseme la siasa, maana msomaji wa ukurasa huu ataniuliza: tatizo ni nini? Muziki ulisahauliwa, wazungu wenye maduka na bidii wakaufukua, sasa unasikika. Si jambo la kushukuru?

Ni la kushukuru kwa sehemu. Bila wafukuaji hao, nyingi ya nyimbo hizi zingekuwa vumbi. Wako waliofanya kazi kwa uadilifu: waliwatafuta wenye nyimbo, wakaandika mikataba, wakalipa, wakachapisha majina ya wapiga ngoma na wapiga besi ambao jalada la mwanzo halikuwataja. Albamu ya kundi la The Congos iliyorekodiwa na Lee Perry mwaka 1977 ilinyimwa nafasi ya kusikika kwa mapana hadi kampuni ndogo ya Manchester, Blood and Fire, ilipoitoa upya mwaka 1996. Kundi la Cymande, la vijana wa Guyana, Jamaika na St Vincent walioishi London, lilivunjika katika miaka ya 1970 kwa kukosa kusikilizwa Uingereza. Vipande vya muziki wake vikaja kuingia katika nyimbo za De La Soul na Fugees, na wazee wale wakarudi jukwaani wakiwa na mvi. Wimbo wa Boris Gardiner kwa ajili ya filamu ya 1974, filamu iliyokufa mara tu ilipooneshwa, ndio unaofungua albamu ya Kendrick Lamar ya mwaka 2015. Haya ni mambo mema.

Lakini tutazame mfumo. Katika studio nyingi za Kingston, mwimbaji alilipwa ujira wa mara moja kwa wimbo, na mpiga kinanda alilipwa kwa wiki kama kibarua mwingine. Kanda ilikuwa mali ya mwenye studio, na si mara chache jina la mwenye studio ndilo lililoandikwa kama mtunzi. Jamaika ilipata uhuru Agosti 1962, lakini katika mambo ya hakimiliki iliendelea kuongozwa na sheria ya kikoloni ya Uingereza ya mwaka 1911 hadi ilipotunga sheria yake mwaka 1993. Yaani kwa miaka thelathini na mmoja taifa huru liliuuzia ulimwengu sauti za watu wake chini ya sheria iliyotungwa kabla gramafoni haijafika katika nyumba nyingi za dunia. Bendera ilibadilika, lakini daftari la mapato lilibaki lilelile. Rodney angelitambua jambo hili mara moja, kwa sababu ndilo alilolifundisha: malighafi hutoka kwetu, huongezewa thamani kwao, kisha huturudia ikiwa na bei.

Na bado, ninapofika hapa katika hoja yangu, kidole hunirudia. Yule kijana wa Ulaya hakuniibia. Alikuja mchana, akapiga magoti, akauliza bei. Alijua anachokitazama, nami sikujua. Tofauti kati yetu haikuwa fedha tu. Yeye alikuwa amesoma kilichoandikwa kwenye zile karatasi za duara. Mimi, mwanafunzi wa chuo alichofundisha Rodney, niliyeandika tasnifu yenye jina la Rodney katika ukurasa wa pili, sikusoma hata moja. Nilikuwa nimefundishwa kwamba maarifa yamo katika vitabu vilivyojalidiwa. Nikauza sauti ili nijalidi karatasi.

Desemba 2009 nilirudi nyumbani kwa likizo. Mjomba alikuwa amestaafu na kuhamia Morogoro, akilima ndizi na kufuga mbuzi wachache. Sukari ilikwisha kumdhoofisha macho.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea baridi ya huko?"

Nilimwambia nimemletea kitu kingine. Nikaweka kile kifaa kidogo mezani, nikabonyeza. Ilikuja kwanza ile mikwaruzo ya mwanzo, kisha muziki. Aliinua kichwa. Kidole chake cha shahada kikaanza kugonga meza taratibu, sawasawa na mapigo. Wimbo ulipokaribia katikati, alikiinua kile kidole akakishikilia hewani, kama mtu anayengoja jirani apite. Wimbo ukapita. Akakishusha.

"Hii si ile yetu," alisema.

"Siyo, Mjomba. Ni ya mzee mmoja huko Toronto."

"Ile yetu ilikuwa ikiruka hapo. Lazima uiguse kidogo ndipo iendelee. Yule mwalimu alikuwa akiigusa kwa ukucha." Akanyamaza, kisha akaniuliza swali alilolihifadhi kwa miaka kumi na moja. "Uliziuza kwa shilingi ngapi?"

"Elfu moja moja."

"Elfu ishirini na tatu." Alikuwa mhasibu, hesabu haikumpotea. "Na tasnifu ilipata daraja gani?"

"B+."

"Haya. Basi nami nilichangia."

Alicheka, nami nikacheka, na sikuweza kumtazama. Jioni ile alinisimulia kwa zaidi ya saa mbili: yule mwalimu alikuwa nani, ni nyimbo zipi alizipenda, ni usiku gani walikuwa wakicheza zile santuri habari fulani zilipofika, nani alikuwa akija na nani aliogopa kuja. Niliacha kifaa kikirekodi. Alinihadithia namna alivyosikia redioni, Juni 1980, kwamba Rodney ameuawa kwa bomu Georgetown, na namna alivyolivuta kasha akaitafuta santuri ile, akakumbuka kwamba mtambo umeharibika, akaishika tu mkononi. Kwa muda wote niliokaa katika nyumba yake sikuwahi kumwuliza habari hiyo, na yeye hakuwahi kudhani kwamba mtu angependa kuijua.

Mjomba alifariki mwaka 2013. Ninayo sauti yake, saa mbili na dakika kumi na tisa. Ninalo na kasha, liko ofisini kwangu, na wanafunzi huweka juu yake kazi zao za kusahihishwa.

Naandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea muhula huu. Nilialikwa katika taasisi moja ya umma, nisiyoitaja, kutoa mada kuhusu historia ya uchumi. Nikapitishwa kwenye korido iliyokuwa na maboksi ya kanda za zamani yaliyopangwa karibu na choo, chini ya bomba linalovuja. Nilipouliza, afisa kijana, mstaarabu sana, alinijibu kwamba zile ni "takataka za zamani, mashine yake haipo." Nikasikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka 1998.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina ombi dogo, ambalo halihitaji bajeti ya maendeleo wala mfadhili. Kabla ya kutupa boksi lolote la kanda au santuri, andikeni orodha ya kilichoandikwa juu yake. Kalamu na karatasi vinatosha. Mashine hupatikana, zipo duniani, na mafundi wake wapo. Kilichofutika hakina fundi. Boksi lihamishwe mbali na bomba. Hilo nalo halihitaji waraka.

Kwa wanaharakati: tunapodai haki za wasanii wa leo, tusiwasahau waliorekodi kabla ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, wengi wao bila karatasi yoyote mkononi. Uzoefu wa Jamaika unaonesha kwamba deni la namna hiyo halifutiki kwa kunyamaza. Siku moja wimbo utafukuliwa na mtu mwenye fedha, na swali litakuwa nani atie saini. Ni bora jibu litafutwe wazee wakiwa hai, na si warithi wagombane mahakamani.

Na kwenu wanafunzi wangu, ambao najua mnausoma ukurasa huu mkitafuta dondoo za mtihani: muhula ujao zoezi la kwanza halitakuwa insha. Kila mmoja atakwenda kwa mzee mmoja wa ukoo wake, atamwuliza kuna nini chini ya kitanda, na atarekodi jibu. Atakaporudi atanieleza mzee yule alisema nini, na santuri au kanda yake ilikuwa ikiruka wapi. Kifaa cha kurekodia mnacho mfukoni. Mwenye kuogopa kuuliza aje ofisini kwangu kwanza, nitamwonesha kasha.